Mama Débora na Maswali ya Madame Kapinga

Mtaani hakuna aliyemwita Marie-Jeanne kwa jina lake. Alikuwa Mama Débora, na huyo Débora, binti yake, alikuwa amepewa na mama yake neno moja la kumlinda duniani. Neno lenyewe lilikuwa "sijui". Alimfundisha barabarani, siku walipokimbia mashamba ya kakao upande wa Mutwanga kuja Butembo. Kila walipokuta kamba imefungwa kukata njia, na mtu mwenye bunduki akainama kumuuliza mtoto baba yako yuko wapi, mmepita wapi, mmeona nani, Débora aliinua macho yake makubwa akasema, "Sijui." Mama yake alimfinya bega kidogo, kumwonyesha kwamba amefanya vema. Wakafika salama. Tangu siku ile Marie-Jeanne aliamini kwamba neno hilo ndilo lililowavusha, labda kuliko hata rozari aliyoifunga kwenye pindo la kitenge.

Alizaliwa Vuhovi, akasoma hadi mwaka wa tatu wa shule ya msingi, kisha wadogo zake wakahitaji mgongo wa kuwabeba na jembe likahitaji mikono. Kusoma alisoma polepole. Kanisani alifuata maneno ya kitabu cha nyimbo kwa kidole, na mara nyingi alimaliza ubeti wakati wenzake wameshaketi. Lakini kutazama alijua. Alijua ni mlango gani wa mtaa haukufunguliwa asubuhi, na ni pikipiki gani imepita mara ya pili bila mteja. Mtu aliyekwisha kukimbia nyumba yake hulala nusu, na mchana pia hukaa nusu, sikio moja likiwa barabarani.

Mumewe, Zacharie, alikuwa ameshindwa kuyaacha mashamba. Wangekula nini? Alikuwa akishuka Beni, analala kwa kaka yake, na alfajiri anakwenda kuchuma kakao yake mwenyewe kama mwizi, kwa njia aliyoijua yeye. Njia hiyo haikutajwa nyumbani. Hata Marie-Jeanne hakuiuliza. Zacharie akiwa kule, yeye alikaanga bitumbura kwenye kona ya ukuta wa shule, akitupa madonge ya unga katika mafuta na kuyageuza yakiwa ya kahawia, na watoto walinunua kabla ya kengele. Alichagua kona ile kwa sababu palikuwa na kivuli cha mikaratusi, na kwa sababu dirisha la darasa la mwaka wa tano, ambalo halikuwa na kioo, lilimtazama usoni. Débora wake alikaa benchi la tatu.

Mwaka ule mwalimu wa mwaka wa tano alikuwa mgeni. Aliitwa Monique Kapinga, mzaliwa wa Kasai, mke wa askari mmoja aliyeitwa Bertrand ambaye kikosi chake kilikuwa upande wa Beni. Watoto walimwita Madame. Kiswahili chake kilichechemea. Alichanganya Kilingala na Kifaransa, na alipokuja mara ya kwanza kununua bitumbura alisema, "Mama, pesa mimi bitumbura ya moto," na wanawake wote wa kona wakacheka hadi kushika mbavu, kwa maana katika Kilingala hilo ni kuomba upewe, lakini masikioni mwao alikuwa anazungumzia noti. Madame naye alicheka. Kisha akauliza, "Donc, ninyi munasemaka namna gani?" Akangoja wamfundishe. Tangu hapo alipita kila asubuhi.

Ufundishaji wake ndio uliomtia Marie-Jeanne wasiwasi. Mwalimu aliyemtangulia alijaza ubao kutoka pembe hadi pembe, watoto wakanakili mpaka vidole vikauma, na mzazi akifungua daftari anaona kazi imefanyika. Madame Kapinga aliandika swali moja, kisha akaficha chaki nyuma ya mgongo na kunyamaza. Marie-Jeanne, kijiko mkononi, alihesabu kimya kile kwa bitumbura: viligeuka upande mmoja, vikageuka wa pili, na bado mwalimu hajasema kitu. Aliketi katikati ya mabenchi kama mwanafunzi mzee. Alikuwa amefuata mafunzo ya walimu kule Beni, na huko walifundishwa kumsindikiza mtoto badala ya kumvuta: umuulize anataka kufika wapi, anajua nini tayari, atajaribu nini kwanza, na nani anaweza kumsaidia, halafu umwache atafute njia.

"Mimi nilimulipia mutoto nguo ya shule ili akauliziwe? Si yeye njo anapashwa kuuliza?" alisema Mama Rébecca, jirani wa Marie-Jeanne na kiongozi wa shirika lao, ile jumuiya ndogo ya sala ya mtaa. "Mwalimu asiyejua jibu, hata mi naweza kazi ile."

"Anajua," Marie-Jeanne alijibu. "Anaficha."

Kilichomsumbua zaidi hakumwambia Mama Rébecca. Siku moja aliona Madame amesimama mbele ya benchi la tatu. Débora aliulizwa kitu, na Marie-Jeanne akasoma midomo ya binti yake kutoka kule nje: "Sijui." Mwalimu wa zamani angechukua fimbo. Madame aliitika tu kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la maana, akasema neno, akangoja. Akangoja tena. Na Débora, yule mtoto ambaye hata nyumbani aliongea kwa kunong'ona, alifungua mdomo. Akaongea kwa muda mrefu, mikono ikipaa hewani. Marie-Jeanne aliunguza sufuria nzima siku ile. Hakujua kama kilichomwingia ni furaha au hofu, na kwa kuwa hofu aliizoea zaidi, aliita hofu.

Basi jioni moja Débora alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, mvua ikipiga mabati, akasema kwa ile sauti mpya aliyoitoa shuleni:

"Mama, Madame amesema kila mutu alete shida moja ya kweli, ya kwabo ao ya mutaa. Tutaitafutia njia sisi benyewe, na mahesabu na kila kitu. Précieuse analeta shida ya maji ya bomba."

"Na wewe?"

"Mi nachagua ya baba. Juu anaendaka shamba ile njia ya..."

"Nyamaza!"

Maharagwe yalimwagika. Marie-Jeanne alikuwa amemshika mkono bila kujua amesimama saa ngapi.

"Ulishasema? Ulishamwambia mutu?"

"Bado, Mama. Mi niliwaza tu..."

"Hapana waza! Mutu akikuuliza baba, unasema nini?"

Débora alitazama chini. "Sijui."

"Njo vile."

Waliokota maharagwe pamoja. Mtoto alikuwa ameeleza vizuri: shida aliichagua mwenyewe. Madame hakutaja baba wa mtu wala njia ya mtu. Marie-Jeanne alilisikia hilo vizuri kabisa, na baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakulisikia.

Shirika lilikutana uani kwa Mama Rébecca. Baada ya somo na nyimbo, wakati wa kutoa nia za maombi, kila mmoja alitaja mgonjwa wake au msafiri wake. Marie-Jeanne alitaka kumwombea Zacharie aliyekuwa njiani. Lakini hofu ilikuwa imemkaba toka jana, na mtu aliyekabwa hutoa kile kilicho karibu. Alisema, "Tuombee batoto betu ba mwaka wa tano. Ule Madame anabauliza ba-baba yabo banapita wapi kwenda mashamba."

Alipomaliza kusema alihisi ulimini kwamba neno halikukaa sawasawa. Lilikuwa kama sahani iliyowekwa ukingoni mwa meza. Angeweza kunyosha mkono akaisukuma ndani. Angesema, hapana, sikusema vizuri, ni mutoto wangu aliyechagua. Lakini wanawake wote walikuwa wamegeuka kumtazama, yeye ambaye katika shirika hakuwahi kutazamwa, na Mama Rébecca tayari amejishika kifua.

"Yesu! Na bwana yake ni askari!"

"Mi sikusema mubaya," Marie-Jeanne alisema. "Nimesema tu anauliza."

"Na mutu anauliza juu ya nini kama haiko na kwenye anapeleka jibu?"

Nchi nyingine mtu angecheka. Huko kwao kulikuwa na watu waliokufa kwa sababu mtu fulani alijua njia yao, na kila aliyekaa uani pale alikuwa na jina la kumlilia. Hakuna aliyecheka.

Ilipofika Jumapili maneno yalimrudia mwenyewe kwenye bomba la maji, yakiwa yamenenepa. Mwanamke asiyemjua alimwambia, ndoo ikijaa, kwamba kuna madame wa Kasai anaandika majina ya wababa na saa zao za kuondoka, na usiku anampigia mumewe simu. "Mama, angalia mutoto yako," alisema yule mwanamke kwa huruma. Marie-Jeanne alisema asante. Alibeba ndoo hadi nyumbani, na njiani maji yalimwagikia mgongoni, baridi ya Butembo ikamwingia, na hakusimama kuipanga vizuri.

Kesho yake walikuja vijana. Hawakuwa wengi, na wengi wao Marie-Jeanne aliwajua kwa mama zao. Walipita mbele ya sufuria yake wakiimba, wakaingia uwanjani, wakasimama mbele ya mlango wa mwaka wa tano.

"Madame, toka! Rudia kwenu!"

"Kuya utuulize sisi njia! Tutakuonyesha ya kwenda Kasai!"

Madame Kapinga alitoka mlangoni, chaki mkononi. Woga wake ulionekana hata kutoka konani. Lakini alifanya kama alivyozoea, akauliza: "Batoto yangu, munaogopa nini? Munambie." Akanyamaza kungoja. Katika kimya kile mmoja alirusha jiwe. Huenda hata hakukusudia. Madame aliinua mkono kujikinga, na jiwe likampiga hapo juu ya kifundo cha mkono. Chaki ikaanguka. Nyuma yake watoto walipiga kelele, na kati ya kelele zote Marie-Jeanne aliitambua moja, maana mama huitambua. Mkurugenzi wa shule, Bwana Siméon, alitoka ofisini akikimbia, na vijana wakatawanyika kama kuku.

Mafuta yalikuwa yanachemka. Marie-Jeanne hakuwa ameondoka pale alipokaa. Hilo nalo alilikumbuka baadaye: kwamba aliendelea kushika kijiko.

Darasa lilifungwa. Bwana Siméon aliita mkutano wa wazazi Jumamosi, ili waseme kama Madame abaki au aondoke. Habari ilienea kwamba jibu linajulikana tayari.

Nyumbani Débora aliacha kusema. Hakununa; alifanya kazi zote, alifagia, aliteka maji, alimwogesha mdogo wake. Ukimuuliza umekula, alisema sijui. Ukimuuliza unaumwa, alisema sijui. Marie-Jeanne alisikia neno lake mwenyewe likimrudia, na aliona jinsi alivyolifundisha vizuri.

Siku moja kabla ya mkutano, wakati hakuna mtoto wala mteja, Madame Kapinga alikuja konani kama zamani. Mkono wa kuume ulikuwa umefungwa kwa bendeji hadi vidoleni. Alinunua bitumbura, akaketi kwenye jiwe kando ya sufuria, akala kwa mkono wa kushoto, makombo yakimwangukia.

"Mama Débora, mi ninakuya kwako juu uko na macho," alisema. "Unakaaka hapa kila siku. Unaona. Banasema nilibauliza batoto mambo ya ba-baba yabo. Mi siwezi kumbuka siku niliuliza vile. Nimefikiri, nimefikiri. Ao ni Kiswahili yangu? Nilisema neno moja, bo banasikia ingine?"

Marie-Jeanne aligeuza kitumbura ambacho hakijaiva.

"Wewe unawaza nini, Mama? Nifanye nini kesho?"

Na akanyamaza. Alingoja kwa namna ile ile, bila kumsukuma, uso wake ukiwa wazi kama mlango. Marie-Jeanne alikuwa ameitazama namna hiyo dirishani miezi mingi, lakini hakujua jinsi inavyokuwa ukikaa upande wa pili. Ilikuwa kama mtu amekupa kiti katikati ya nyumba yake. Angesema pale. Hapakuwa na mtu wa kusikia. Mdomo ulifunguka.

"Sijui," alisema.

Madame aliitika kwa kichwa. "Sawa, Mama. Si mubaya." Alisimama, akapangusa makombo. "Wasingya," alisema, ile asante ya Kinande aliyofundishwa na wanawake wa konani, akaitamka vibaya kama kawaida, na akaondoka.

Jioni ile Zacharie alifika kutoka Beni na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alipokwisha kunawa na kuanza kula bukari yake, ule ugali wa kwao, Marie-Jeanne alimweleza habari ya jiwe, lakini alieleza kama mtu anayesimulia mambo ya mtaa mwingine. Zacharie aliacha kutafuna.

"Madame ya Débora? Ule mwenye maswali?"

"Unamujulia wapi?"

"Simujui. Mais, mara ya mwisho nilipokuwa hapa, nilikuwa nafunga viatu, na Débora akakuya karibu yangu. Akaniambia: Baba, Madame anatuulizaka, nani anaweza kukusaidia? Na weye, nani anaweza kukusaidia kule shamba?" Alicheka kidogo, kwa haya. "Mutoto wa juzi! Nilimwambia hakuna mutu. Yeye hakuondoka. Alinitazama tu, kimya, mi naona haya ya kuondoka bila jibu. Nikafika Beni, lile neno linanifuata. Nikaenda kwa Ananie. Si shamba yake iko pembeni ya yangu? Miaka yote hii yeye anaenda peke yake kwa kuficha, na mimi peke yangu kwa kuficha. Sasa tunaenda pamoja na ndugu yake, na mumoja anabaki juu ya kilima kuchunguza. Wiki hii ule wa kilima aliona batu na bunduki, akapiga mluzi, tukarudi."

"Mukarudi," Marie-Jeanne alisema.

"Tukarudi. Ningekuwa peke yangu ningepita palepale." Alichukua tena tonge. "Ule madame ni mutu. Kesho uende ukamusemee."

Débora alikuwa mlangoni na mdogo wake mgongoni. Alimtazama mama yake. Alikuwa na umri wa kutojua mengi, lakini alijua kwamba jioni ile ya maharagwe hakuna mtu mwingine aliyesikia alichokisema.

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa lenyewe, wazazi wakibanana kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Madame Kapinga alikaa karibu na mlango, mkono kwenye mapaja kama mzigo wa mtu mwingine. Bwana Siméon alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba yeye hana ubaya na mwalimu, lakini shule ni ya wazazi. Wakisema aondoke, ofisi itampangia kwingine. Watu wakasema, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesema alisema aondoke. Mwingine alisema kwa upole, mwingine kwa ukali, na baba mmoja aliyeendesha pikipiki alisema, "Akabaulize batoto ba bwana yake kwenye camp!" na watu wakacheka.

Marie-Jeanne alikuwa amepanga kusimama na kusema: ni mimi. Usiku kucha alikuwa amelipanga. Lakini alipowasikiliza aliona kwamba neno hilo halitatosha. Wangesema, Mama Débora, keti, uko na roho ya huruma, sisi tuliambiwa na watu wengine. Uvumi ulikuwa umekua mkubwa kiasi kwamba haukumhitaji tena mama aliyeuzaa.

Alisimama. "Mi niko na swali."

"Ee! Mama Débora naye amegeuka madame!" mtu alitania.

"Nani hapa amesikia yeye mwenyewe, na masikio yake, Madame akiuliza baba ya mutu anapita wapi?"

Hakuna aliyejibu. Kila kiungo cha mwili kilimwambia aseme kitu, ajaze kile kimya, akimbie. Aliweka mikono nyuma ya mgongo. Akangoja. Nje mtu alipita akisukuma chukudu ya mizigo, magurudumu yake ya mbao yakikwaruza changarawe, yakapita, yakapotea.

Yule baba wa pikipiki alikohoa. "Mi nilisikia kwa muke yangu."

Wote wakamgeukia mkewe. "Mi nilisikia kwa bomba," alisema mke. "Kwa mama ya Kasonia."

"Na mi kwa soko," alisema mama ya Kasonia, "kwa Mama Rébecca. Si weye uliniambia tukinunua viazi ya Lubero?"

Mama Rébecca alikuwa kwenye benchi la mbele. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini hakuwa mbaya. Alimtazama Marie-Jeanne, na macho yake yalimwomba aketi. "Mi nilisikia kwa shirika," alisema. "Shirika ni batu mingi."

"Kwa nani?" aliuliza Marie-Jeanne.

"Mama Débora, haina lazima."

"Kwa nani, Yaya?" alirudia, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

Mama Rébecca aliinamisha kichwa. "Kwako."

Hapo ndipo Marie-Jeanne alipomgeukia Madame Kapinga, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni tangu siku ya jiwe. "Mutoto wangu njo alichagua shida ya baba yake," alisema. "Weye hukuuliza. Mi nilijua hukuuliza. Nilikuwa na woga, nikasema ni weye."

Kelele ilipanda. Mmoja alimwita Marie-Jeanne mchawi. Mwingine alisema na wewe, Bwana Siméon, kwa nini hukuchunguza. Baba wa pikipiki alitazama mikono yake, na huenda alikuwa na kijana nyumbani ambaye mikono yake pia alipaswa kuitazama. Zacharie, aliyesimama nyuma, alimtazama mkewe kama mtu anayesoma neno gumu.

Madame Kapinga alisimama, na watu wakanyamaza kidogo kidogo.

"Na mi niko na kosa," alisema. "Kwetu, shida ya nyumbani ni mbuzi, ni mvua, ni pesa ya chumvi. Sikujua kama hapa njia ya baba inaweza kuwa siri ya kuua. Nilipashwa kuuliza ninyi kwanza, mbele ya kuuliza batoto. Muliogopa, na muko na haki ya kuogopa." Alisita. "Lakini mukono unaniuma sana, Mama Débora."

Alisema hivyo tu, bila hasira, na aliketi. Marie-Jeanne angependelea matusi.

Walikubaliana abaki hadi mwisho wa mwaka. Wengine walikubali kwa aibu, wengine kwa kuchoka, na wachache waliwahamisha watoto wao bila kusema. Darasa lilifunguliwa tena. Madame hakuweza kuandika, hivyo watoto waliandika ubaoni wenyewe kwa zamu, yeye akiwa amekaa katikati ya mabenchi. Kutoka konani Marie-Jeanne aliziona nafasi zilizobaki wazi, kama meno yaliyong'oka. Kila asubuhi Madame alipita. "Bonjour, Mama Débora." "Bonjour, Madame." Hakusimama tena. Bitumbura alivinunua kwa mama mwingine, ng'ambo ya barabara. Marie-Jeanne alimwekea vya kwake pembeni, vikiwa vya moto, vikapoa, na jioni akawapa watoto wake.

Nyumbani Débora aliendelea na sijui yake. Zacharie alirudi Beni. Mama Rébecca alipita kusalimia kwa haraka, ukutani, bila kuingia.

Jioni moja ya mvua ungo ulikuwa tena katikati yao, na maharagwe. Marie-Jeanne alitaka kusema mengi: kwamba alikiri mbele ya watu wote, kwamba ni nani mwingine angethubutu, kwamba mtoto hapaswi kumnunia mama. Aliyameza. Aliuliza tu, "Débora, unawaza nini?"

"Sijui."

"Sawa," alisema Marie-Jeanne.

Alichambua. Punje mbovu huku, punje nzuri kule. Mvua iliongezeka, ikapungua. Chungu kilichokuwa motoni kilianza kutoa harufu ya kushika chini na alijua anapaswa kuinuka, na hakuinuka.

"Mama," Débora alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Juu ya nini ulisema ni Madame?"

Neno lile la zamani lilipanda kooni, limekomaa, tayari kumvusha. Marie-Jeanne alilizuia kwa meno.

"Nilikuwa na woga."

"Woga ya nini?"

"Ya baba asirudi."

Débora alifikiri. Alichukua punje moja, akaizungusha kati ya vidole, akaiweka upande wa nzuri. "Na sasa Madame hatakuya tena kununua kwako?"

"Labda hatakuya."

"Utafanya nini?"

Kisha mtoto alinyamaza, mikono juu ya ungo, akimtazama mama yake usoni, na akangoja. Chungu kiliungua. Marie-Jeanne alikaa mbele ya macho yale, akitafuta pa kuanzia.